Sufuria ya Handakini

Shikamoo Mama,

Mvua haikatiki hapa Nyamiaga, na Mjomba ananilisha kama mzazi aliyejifungua jana. Leo nilikataa sahani ya tatu ya ndizi na maharage. Akaniuliza kama najua kwa nini yeye na askari wenzake walishinda kule vitani Kagera. Nikasema silaha.

"Wapi! Handaki la maadui lilikuwa zuri kuliko letu. Ila chakula kilikuwa hakiwafikii. Walipokimbia tukaingia, tukakuta sufuria ya maganda ya ndizi bado inachemka. Wale nao walikuwa watoto wa watu."

Akapakua tena bila kuniuliza. Nikala yote.

Mama, najua unashindia chai ya rangi kwa sababu uko peke yako. Leo pika, ule ushibe.

Mwanao, Deo