Misumari ya Taisto

Sirkka, nitamuua mume wangu kabla barafu haijamuua.

Unaijua ile sleji yake ya kukokota vifaa vya kuvulia samaki kwenye barafu, anayoichezea tangu Krismasi? Kaifungia skii kuukuu za kutelezea chini, kila kifaa kakichongea mahali pake. Hata ile misumari ya kuchoma barafu ujivute nje ukitumbukia majini. Kaivua shingoni, kaichomeka kwenye sleji. Eti, "Inanisumbua shingoni, mama."

Leo barafu imempasukia. Maji mpaka kifuani. Na misumari iko wapi? Kwenye sleji, nyuma yake, imepangwa vizuri kabisa.

Nimelala kifudifudi nikamsukumia sleji mpaka akaidaka.

Katoka anatetemeka, na neno lake la kwanza, la kwanza Sirkka: "Umeona sleji ilivyoteleza?"

Sasa Taisto yuko chini ya mablanketi. Misumari nimemfungia shingoni. Atalala nayo.