Ufunguo Usimpe Baba

4 Machi

Kwako Kaka,

Salamu nyingi. U mzima? Mkono unakusumbua wakati wa baridi? Sisi tupo, ila Baba figo zimechoka. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka hospitali kusafishwa damu, kwa gari lako lilelile uliloliacha. Namba yako ya simu haipatikani. Anwani hii kanipa jirani aliyekuona huko.

Nimefungua kifuniko cha injini pale pembeni. Mkanda wa taimingi, ule wa meno unaozungusha gia ya juu na ya chini, umepasukapasuka, meno mengine yameanza kulika. Ukikatika njiani injini imekwisha, na Baba akikosa hospitali mara mbili naye kaisha. Fundi wa mtaa anataka nimwachie gari wiki mbili. Wiki mbili! Nitambeba Baba mgongoni?

Nataka kuubadilisha mwenyewe, hapa mlangoni. Nimeshanunua mpya. Nilikushikia tochi miaka mingi, nimeona, lakini kuona si kufanya. Niandikie hatua kwa hatua.

Najua sina uso wa kukuomba. Vidole vyako viwili vilikatikia kwenye mikanda ya injini hiyohiyo, na ni mimi niliyewasha. Miaka tisa sijapata mdomo wa kukuambia pole. Pole, Kaka.

Mdogo wako,
Tochi

19 Machi

Tochi,

Mimi mzima. Fuata hivi, usiruke kitu.

Chomoa ufunguo, uutie kifuani. Toa waya wa betri. Vua gurudumu la mbele upande wa mkanda, kisha vifuniko. Zungusha injini kwa spana, polepole, mpaka alama ya gia ya juu na ya chini zikae mahali pake. Chora kwa rangi nyeupe. Legeza kapi linalokaza mkanda, toa wa zamani, vaa mpya, kaza. Halafu zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Alama zikirudi, umemaliza. Zisiporudi, usiwashe, rudia.

Ufunguo usimpe Baba. Hata kuushika tu, usimpe.

Na acha kuniandikia uongo. Siku ile tochi uliishika kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimetoka kukugombeza kwamba unaitingisha. Mikono yako yote nilikuwa naiona. Wewe ulikuwa mbele yangu. Kwenye kiti cha dereva alikaa nani? Sikuondoka kwa ajili yako. Niliondoka kwa sababu mzee wetu alisimama mbele ya watu akasema ni wewe, ukanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimelia mpaka karatasi imelowa, nimebadilisha nyingine. Kumbe ulijua! Nami miaka tisa nakulindia siri uliyokuwa nayo mfukoni. Baba aliniomba, Kaka. Alisema baba aliyemkata mwanawe vidole atapita wapi mtaani. Nikamwonea huruma.

Mkanda nimefunga Jumamosi. Bolti ya chini ilinigomea, nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili ndipo ikaachia. Mara ya kwanza alama zilipishana jino moja. Nikakutukana kidogo, nikarudia. Zikakaa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, ananitazama. Niliporudisha waya wa betri akajikokota mpaka garini, akaketi kwenye usukani, akanyoosha mkono. "Nipe niwashe mimi. Wewe simama mbali, inua mikono niione."

Nikamwambia, "Kaka kakataza."

"Kasema yeye mwenyewe?"

"Kaandika."

Akaachia usukani, akarudi ndani. Niliwasha mimi. Liliwaka mara moja, injini imetulia kabisa, na Baba hakutoka kusikiliza. Jumanne njiani akasema, "Mwambie ni mimi."

Nifanyeje?

Tochi wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Nisalimie Baba. Mwambie shikamoo yake hii hapa, imechelewa.

Barua yako niliisomea kazini, ikabidi nitoke nje. Mpe ufunguo. Mwambie ruhusa nimetoa mimi. Simama mbele ya gari, inua mikono, avione vidole vyote kumi, ndipo awashe. Awashe hata mara ishirini.

Mwambie na hili: siku ile betri sikuitoa. Nilikuwa na haraka, na majivuno ya ufundi. Yeye aliwasha, lakini mlango niliuacha wazi mimi. Miaka yote hii nimemwachia mzigo wote peke yake, nikajiona nina haki.

Mwisho wa mwezi nakuja.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Huku si wazima. Baba tulimzika Alhamisi. Barua yako imefika Jumamosi.

Usiulize kuhusu mkanda. Haukuwa na kosa, Jumanne tulifika mapema hata kabla ya wauguzi. Moyo ndio uliogoma, kitandani pale pale, mashine ikiwa inaendelea. Nililirudisha gari mwenyewe, kiti cha pembeni kitupu.

Nakulaumu, Kaka, siwezi kukuficha. Halafu nakumbuka ufunguo ulikuwa kifuani kwangu, si kwako. Alikuwa anaomba kitu kidogo sana, na mimi nikamsomea masharti kama karani.

Barua yako nimemsomea kaburini, yote, na ya betri pia. Watu walidhani naomba dua.

Gari liko mlangoni. Sitaliwasha tena. Ufunguo bado ninao palepale uliponiagiza. Uje uukute. Utakaa alipokaa Baba, uwashe kwa mkono huohuo wenye vidole vitatu, na mimi nitasimama mbele, mikono juu.

Tochi