Barua ya Mama Kuhusu Jicho

Bendigo, 4 Machi 2019

Mama mpendwa,

Habari za Ouyen? Mvua imeanza? Goti lako je? Mimi mzima, ila jicho la kushoto, lile alilolipasua kaka Trent kwa chupa siku tuliyomzika Baba, limekufa kabisa. Daktari anataka kulitoa. Ile ofisi inayowasaidia walioumizwa na wahalifu ilinipa miwani na mshauri tu. Nimeomba wabadilishe uamuzi, wanilipie jicho la bandia. Wanataka shahidi aandike kwamba kabla ya siku ile nilikuwa naona vizuri. Siku ile jikoni tulikuwa sisi watatu tu, shahidi wangu ni wewe. Mistari miwili inatosha, Mama.

Binti yako, Kerryn

Ouyen, 29 Machi

Kerryn mwanangu,

Tupo. Mvua hakuna, kondoo wanakula vumbi. Goti usiulize. Kaka yako anatoka gerezani kabla ya Pasaka. Nimekipaka rangi chumba chako, atalala humo. Ameshaadhibiwa, wewe bado unafukua. Ungemwachia zile funguo za gari, leo ungekuwa na macho mawili. Najua utasema, "Alikuwa amelewa, angeua mtu." Haya. Nitaandika, ila usinipigie tena simu kumsema.

Mamako

Bendigo, 6 Aprili

Mama,

Asante, asante sana. Sitamtaja tena. Ofisini nimeshawaambia, "Mama anaandika." Chumba mpe.

Mwanao

Bendigo, 11 Juni

Mama,

Hujambo? Dada wa ofisini alinisomea barua yako polepole, kama anamsomea mtoto: "Jicho hilo lilikuwa bovu tangu utotoni. Alikuwa akijigonga milangoni." Akaniuliza, "Huyu ni mama yako mzazi?" Nikasema ndiyo, nikaona haya kana kwamba mwongo ni mimi.

Ombi limekataliwa. Jicho wamelitoa Jumanne iliyopita. Nimefunika kwa pamba, na watoto dukani wananikodolea macho.

Wewe ndiye uliyenifundisha kulenga sungura kwa bunduki, ukawatambia majirani, "Huyu wangu hakosi!" Kwa nini, Mama?

Mwanao

Ouyen, 2 Julai

Kerryn,

Umeuliza, nakujibu. Mwanasheria alisema wakikuongezea wewe fedha, wanaweza kumdai Trent azirudishe. Ndiyo kwanza amepata kazi ya kunyoa kondoo. Wewe una jicho jingine. Mimi mtoto wa kiume ninaye mmoja.

Kula vizuri, kuna baridi.

Mamako

Ouyen, 9 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Barua ya nne hii, hujibu. U mzima? Sisi wazima, ngano imetoka kidogo. Njoo Krismasi. Trent atachoma mguu wa kondoo, hanywi siku hizi, ila bia. Watu wa kanisani wanauliza, "Kerryn yuko wapi?" nami nachoka kuwadanganya.

Kama unamwogopa, usijali, nimeshafikiria. Mezani nitamkalisha kushoto kwako. Hutamwona.

Mamako