Zamu ya Kupiga Deki Ngazi

Masanja, mume wangu mdogo,

Salamu zako za Geita zimefika, nasi huku Kambarage ni wazima. Usione wivu! Unauliza nilivyompata babu yako mpya humu ghorofani.

Hapa kila chumba kina zamu ya kupiga deki ngazi. Goti lilinigomea, zamu ikanishinda, nikafunga mizigo nihame kwa aibu. Alfajiri nikamkuta jirani yangu, Mzee Luhende, anadeki taratibu, ngazi zote zinameremeta kama ziwa.

"Mzee, leo zamu yangu!"

"Najua. Jana ilikuwa yangu. Tukikaa chumba kimoja, Mama Kulwa, zamu itakuwa moja."

Basi nikahama kweli, mjukuu wangu: mlango wa pili tu, na mpaka leo naona kama naota.

Bibi yako, bibi harusi