Maini ya Sato wa Ghuba Yetu

Bergen, 12 Julai 1998

Mdogo wangu Malimi,

Leo imetimia miaka ishirini na tisa tangu ulipobeba sanduku langu hadi stesheni ya Mwanza. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Natumaini wewe na shemeji Paskazia hamjambo, na pamba mmeanza kuvuna. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na usingizi uliopungua tangu barua yako ya Juni. Uliandika habari za mvua, za wanunuzi binafsi waliofika Magu na mizani zao, na katikati, kwa mstari mmoja tu, kwamba mjukuu wako Rose anatapika na mikono inamtetemeka. Mstari huo nimeusoma hadi karatasi imelegea.

Telegramu niliyotuma jana inasema mpelekeni Rose hospitali ya Mwanza. Kama haijafika, acha kusoma hapa, mpeleke kwanza. Mwambie daktari mnapulizia dawa ya pamba na mnakula samaki wa ghuba. Chukua na kopo la dawa, alisome mwenyewe. Mimi ni mtaalamu wa magonjwa ya samaki, si ya watoto. Sijui kama hilo ndilo linalomuumiza.

Unakumbuka nilivyokuja Machi na wenzangu. Tulichukua sato mahali pawili: karibu na mtaro unaomwaga maji machafu ya mji, na kwetu, pale mwaloni mitumbwi inapopakulia. Ukitaka kujua uchafu umemdhuru samaki kiasi gani, lazima uwe na samaki wa maji safi wa kumlinganisha naye. Wenzangu walitaka kumtafuta visiwani. Ni mimi niliyekataa, nikasema twendeni kwetu, maji yale nayajua. Niliyajua ya mwaka 1969.

Yule jirani yako Ngosha alitucheka siku ile. Alisema Wazungu wamemaliza samaki wao, sasa wamemtuma Luhende aje kupasua wetu. Tena akauliza ni daktari gani huyu ambaye wagonjwa wake wote wanaishia kwenye sufuria. Wewe ulicheka hadi ukakaa chini. Ulikuwa umekunja suruali, unasuuza bomba lako la kupulizia pamba ziwani, na majirani kumi na wawili kando yako wakisuuza ya kwao. Zamani mabomba yalikuwa ya chama cha ushirika, yakioshewa kwenye shimo nyuma ya ghala. Sasa ghala limefungwa, kila mtu ana bomba lake, na ziwa liko karibu.

Aprili nikakuandikia kwamba maji yetu ni safi. Ukawasomea watu mwaloni, na lile gari la barafu la wanunuzi wa samaki likaendelea kuja.

Malimi, nilikudanganya. Wala usidhani majibu ya vipimo yalichelewa. Asubuhi ile ile, nilipompasua sato wa kwanza wa kwetu, niliona ini limevimba, lina madoa meupe. Wa tatu vivyo hivyo, wa tisa vivyo hivyo. Wale wa mtaroni walikuwa na nafuu. Mchana shemeji akatupikia sato kwa ugali, akanipa kichwa, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Rose alikuwa amekaa pajani pangu. Nilimtolea miiba, nikamlisha kwa mkono wangu. Uliponiuliza mbele ya watu kama samaki wetu ni wazuri, nikajibu kwamba ni wazuri. Nilitaka kuwa mtu wa pale, japo kwa siku moja.

Juzi nimepeleka ripoti yenye hesabu za kweli, na jina la mwalo wetu limo. Gari la barafu litaacha kuja. Watu watauliza nani ameandika. Waambie ni mimi, usinitetee. Mabomba myaoshee shambani, kwenye shimo, mbali na maji. Watoto wasile samaki wa ghuba mpaka wapimaji warudi.

Nisalimie shemeji, na Mhoja na mkewe. Waambie nitawaandikia wao kama wazazi wa Rose, nikipata maneno. Ngosha mwambie hakukosea kuhusu wagonjwa wangu. Nitumie telegramu juu ya Rose, hata ya neno moja.

Kiwanja mlichonitengea kando ya kaburi la mama, mpe Mhoja alime mihogo. Sitarudi.

Kaka yako,
Luhende