Daktari Aliyeamua Peke Yake

Kaole, Jumapili

Dada yangu Batuli,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mguu wa mama umepungua kuvimba, na juzi alikwenda mwenyewe Bagamoyo mjini akarudi na samaki wawili, changu wa kukaanga. Minazi imezaa vizuri mwaka huu.

Mimi nimeingia kamati ya afya ya kituo chetu. Wiki hii tulikaa kumjadili Daktari Mrisho, mwenyewe akiwepo, anayetaka kuongoza wodi mpya ya wazazi. Wenzangu walikuwa tayari kumpitisha. Nikasimama nikaeleza siku yako ya uchungu: muuguzi Ashatu alivyomsihi Mrisho akupeleke hospitali kubwa, naye akamjibu, "Hapa mwenye kuamua ni mimi," mpaka mwanao akafia tumboni. Nilisema yote huku nikimtazama usoni. Ashatu akaitwa, akathibitisha.

Uongozi hakuupata. Tena tumekubaliana kwamba muuguzi wa zamu akiona mgonjwa apelekwe hospitali kubwa, gari la wagonjwa litaondoka bila kungoja ruhusa ya daktari. Mrisho mwenyewe alitia sahihi, nami nikaona raha ambayo sijapata kuiona tangu tumzike mtoto.

Jana alikuja nyumbani. "Kuruthumu, nipe namba ya Batuli nimwombe radhi. Silali."

Nikamwambia, "Hilo ataamua mwenyewe."

Basi amua, dada. Ukisema nimpe, nitampa. Lakini mimi naomba ukatae, aendelee kutolala.

Mdogo wako asiyesahau,
Kuruthumu