Vilindo Viwili vya Njinjo

Mke mwenzangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mtanda hatujambo, ila mbuzi wa mama yako ameutafuna ukili wangu wote wa kushonea mkeka.

Unauliza kwa nini watu wanawakimbia mnapokwenda vijijini kuchukua damu ya utafiti. Usiwacheke. Hata mimi nilifichwa, kule Njinjo, enzi za Mwingereza.

Serikali ilileta wapimaji wa malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Walikuja na sindano na vitambaa vyeusi vya kunasia mbung'o hao. Sisi tukajua ni mumiani tu, watu wa kunyonya damu. Mama akanitia ndani ya kilindo, pipa la magome la kuwekea mtama. Mdogo wangu Somoe, aliyekuwa akisinzia mchana kutwa, akamtia katika kilindo cha pili. Akafunika.

Viatu vikasimama karibu yangu. Vumbi la mtama lilinijaa puani, nikajibana nisipige chafya.

"Mama, una watoto?"

"Sina, bwana."

Wakaondoka. Majirani waliokubali kuchomwa vidole, wagonjwa wao walijulikana, wakatibiwa, wakarudi shambani. Somoe hakujulikana. Tulimzika kabla ya mavuno.

Kwa hiyo mkifika kwa mtu, kaeni kwanza, mnywe maji yake, mumweleze damu inakwenda wapi.

Mimi zahanati wakiniomba kidole kimoja, nawapa viwili. Wanacheka. Cha pili ni cha Somoe.

Bibi yako